Seti ya kujenga modeli ya Bluenose: mbao safi kabisa, nyuzi ndo shida

Nianze na jibu kwa wasiopenda kusoma mpaka chini: seti hii nunua, ila nyuzi zake weka pembeni utafute nyingine. Kwa wanaotaka kujua kwa nini, twende taratibu.

Kwa asiyeijua, Bluenose ilikuwa skuna, yaani meli ya matanga, ya milingoti miwili, ilishushwa majini Lunenburg, Nova Scotia huko Kanada, mwezi wa tatu 1921. Ilijengwa ivue samaki kwenye Grand Banks, eneo la uvuvi huko Atlantiki, na pia ishindane mbio na skuna za wavuvi wa Marekani, na mwaka huo huo ikabeba kombe. Tangu 1937 ipo kwenye sarafu ya senti kumi ya Kanada, halafu 1946 ikagonga mwamba pwani ya Haiti na mwisho wake ukawa huko. Nayasema haya kwa sababu ukijua ni chombo cha kazi ndo utaelewa kwa nini sitaha ina mitumbwi midogo imepangwa mmoja ndani ya mwenzake, wavuvi walikuwa wanashushwa nayo baharini wakavue kwa mshipi afu wanarudi na mzigo. Mi naona hiyo mitumbwi ndo roho ya modeli, na seti imekupa yote, safi sana.

Kipimo ni 1:64, yaani modeli ni ndogo mara 64 kuliko meli yenyewe. Meli halisi ilikuwa na urefu wa mita 43 na ushee, kwa hiyo modeli inakaribia sentimita 70, na mlingoti mkubwa unapanda kama sentimita 60 juu ya sitaha, kwa hiyo kabla hujanunua pima kabisa sehemu utakayoiweka maana watu wengi wanaangalia urefu tu kimo wanasahau.

Ukifungua boksi kitu cha kwanza toa ule ubao wa mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, uulaze juu ya kioo. Ukilala bapa bila kuinuka popote, una bahati, ukiwa umepinda hata kidogo irudishe seti dukani, kwa sababu mkuku ukipinda meli nzima itapinda na hakuna msasa utakaoiokoa. Wa kwangu ulinyooka vizuri. Mataruma, zile mbavu za meli, yamekatwa kwa leza kwenye plaiwudi nzuri, yanaingia kwenye nafasi zake bila kulazimisha na bila kulegea, hapo nawapa heshima yao. Kuna ule weusi wa kuungua unaobaki pembeni leza ikipita, usugue kwanza sehemu zitakazopata gundi, gundi haishiki vizuri kwenye mbao iliyoungua.

Sasa hapa ndo pa kutulia. Kabla ya kubandika ubao wa kwanza lazima mataruma yasuguliwe yafuate mteremko wa meli, hasa kwenye omo (mbele) na tezi (nyuma) ambako kingo zinatakiwa zilale mshazari. Bandika msasa kwenye kipande kirefu cha mbao, sugua ukipita juu ya mataruma matatu au manne kwa pamoja, afu chukua ubao mwembamba mmoja ulaze juu yake kutoka mbele mpaka nyuma uinamishe kichwa uchungulie kwa pembeni. Ukiona mwanga unapita kati ya ubao na taruma, bado. Ukiona ubao umegusa ukingo mmoja tu wa taruma, bado. Unataka ubao ulale wenyewe kwa kusukumwa na kidole tu, bila kukatika kiuno popote. Kitabu cha maelekezo kimeandika sentensi mbili tu kuhusu hii kazi, na kwangu hilo ndo kosa kubwa la waliotengeneza, kwa sababu uzuri wote wa Bluenose uko kwenye ule mkunjo wake wa tumbo na ukiharibu hapa hakuna rangi itakayoficha.

Kwenye kubandika mbao napo wamekuacha mwenyewe, wameandika endelea mpaka ujaze ubavu. Haijazwi hivyo jamani! Tuseme katikati ya meli una sentimita 10 za kufunika na kwenye omo una 6 tu, na mbao zako zina upana wa milimita 5. Katikati utahitaji mbao 20, na hizo hizo 20 zitoshe mbele, maana yake kila moja ichongwe iwe milimita 3 ikifika omo. Piga hesabu hiyo kwanza weka alama za penseli kwenye kila taruma, na usichonge ubao chini ya nusu ya upana wake, ikifika huko bora mbao mbili ziishie kwenye mmoja. Halafu ukibandika mmoja kulia unaofuata ni kushoto, ukimaliza upande mmoja peke yake mbao zitavuta mkuku upinde. Za omo loweka kwenye maji ya moto zilegee, zibane zikauke kwenye mkunjo wake ndo utie gundi. Gundi nyeupe ya mbao inatosha kabisa, inakupa muda wa kurekebisha, supaglu nimeitumia kwa matone tu pale ambapo kibanio hakifiki.

Mbao za tabaka la kwanza ni laini na zinapinda vizuri. Tabaka la pili, linalobandikwa juu ya hilo, ni mbao ya walnati, nyembamba sana, rangi yake inapendeza mno, na hapa sijakubaliana nao, kwa sababu Bluenose ubavu wake ulikuwa mweusi juu na mwekundu chini ya mstari wa maji, sasa walnati yote ile inaenda kuzikwa chini ya rangi. Wangeweka mbao ya bei rahisi hapo hela iende kwenye nyuzi.

Sitaha haina maneno, inabandikika vizuri. Vitu vya chuma navyo ni vya kawaida, vinahitaji tupa kidogo tu.

Nyuzi sasa. Zimekuja za unene wa aina mbili tu, zote nyeupe na zina manyoya, ukiziangalia kwa karibu kwenye mlingoti unaona usufi umesimama. Kamba zinazoshikilia milingoti pembeni kwenye meli halisi zilipakwa lami, kwa hiyo zinatakiwa ziwe nyeusi au kahawia iliyokolea, na zile za kuvutia matanga ndo ziwe nyepesi za rangi ya mkonge. Tafuta nyuzi za polyester zilizosokotwa vizuri, za unene wa aina nne au tano, uzipitishe kwenye nta ya nyuki kabla ya kufunga. Makapi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, pia nayo hayaridhishi, matundu mengine yametobolewa upande, mi nimebadilisha yale yanayoonekana. Nafuu ni kwamba skuna haina foromali, zile boriti za kulala mlingotini, kama merikebu za matanga ya mraba, kwa hiyo kamba ni chache na mtu wa mara ya kwanza anaweza kuzimudu.

Kitambaa cha matanga wamekupa, ila mi sijakiweka na nakushauri hivyo hivyo. Kitambaa cha nusu milimita kwenye 1:64 ni sawa na tanga lenye unene wa milimita 32 kwenye meli halisi, lingekuwa tanga gani hilo? Milingoti mitupu na kamba zake inaonekana ya kweli zaidi.

Vifaa havimo, kwa hiyo andaa kisu chenye ncha, koleo ndogo, keekee ya mkono, randa ndogo na msasa wa kutosha. Mbao na mataruma nawapa tisa kwa kumi, maelekezo manne, nyuzi mbili. Na ukinunua kwa mtu mtandaoni, picha ya boksi achana nayo, mwambie akupigie picha ya mkuku akiwa ameulaza juu ya meza, kwa pembeni.