Baiskeli ya mtumba ya Kijapani: miezi 14 Tanga mjini

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kipo Ngamiani, na kutoka nyumbani hadi hapo ni kilomita 5. Miaka 6 safari hiyo nimeifanya kwa skuta. Februari mwaka jana nikanunua baiskeli ya mtumba kutoka Japani, zile zenye kapu mbele na bomba lililoshuka chini katikati ili upande bila kurusha mguu, na skuta nikaifunika turubai. Sikutaka kuandika mapema. Kitu cha mtumba wiki ya kwanza kila mtu hukisifu. Sasa imepita kwenye masika ya mwaka jana na imeingia ya mwaka huu, imebeba majora ya vitambaa, mchele kilo 20, mtungi mdogo wa gesi na mtoto wa dada yangu, kwa hiyo naisema ninavyoijua.

Kilichonisukuma si bei ya mafuta peke yake, ingawa nayo ilichangia. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanapotangaza bei kikomo, mimi nilikuwa miongoni mwa wanaosubiri kuona mstari wa Tanga umeandikwa nini. Lakini kilichonichosha zaidi ni moshi. Kibanda kimetazama barabara. Ukikunjua kanzu nyeupe iliyolala siku tatu kwenye rafu, penye mkunjo unakuta mstari mweusi mwembamba kama uliochorwa kwa penseli. Ukiusugua kwa kidole unasambaa, na mteja anasubiri kanzu ya Idi. Nimefua kanzu mpya, ambazo hazijawahi kuvaliwa, ili ziende kwa mwenyewe zikiwa safi. Halafu jioni nami nawasha skuta, naongeza wa kwangu. Ilinikera, na nilijua kifuani mwa mtu hakuna wa kufua.

Nimenunua kwa shilingi 220,000 kwa muuzaji anayefungua kontena. Zinakuja zimelazwa moja juu ya nyingine, pedeli zimefumwa kwenye spoki za mwenzake, na kuzitenganisha ni kazi ya watu wawili. Yangu bado ina stika ndogo ya maandishi ya Kijapani kwenye bomba la kiti, yenye namba. Kule kwao kila baiskeli husajiliwa kwa sheria, na stika hiyo ndiyo alama ya usajili. Sijaibandua. Kwenye keria kumegongwa namba 27, ndizo kilo inazoruhusiwa kubeba, maana keria ya aina hiyo imetengenezwa kwa kufungiwa kiti cha mtoto. Ukiona keria ina 18, mtoto usimweke.

Kabla ya kulipa nilifanya mambo ambayo nawashauri wengine wafanye. Niliinua gurudumu la mbele nikalizungusha huku nimeweka kidole karibu na ringi, nione kama linayumba. Nikashika mikono ya pedeli, nikaitikisa kulia na kushoto. Ikicheza, gololi za katikati zimeisha, na hiyo ni gharama. Nikazungusha kishikio cha gia kutoka 1 hadi 3 huku fundi akizungusha pedeli kwa mkono. Gia zake zimefungiwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, hazina meno ya nje ya kushika mchanga, na ni tatu tu. Kwa Tanga mjini tatu zinatosha, mji wetu ni tambarare.

Jambo la mwisho ni ufunguo. Baiskeli hizi zina kufuli ya pete iliyofungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma. Nyingi hufika bila ufunguo, muuzaji anaikata kufuli kwa msumeno na kukwambia utanunua mnyororo. Mimi nilikaa hapo saa nzima nikichagua katika zile zilizokuja na ufunguo wake. Leo nikifika sokoni Mgandini nasukuma kitasa, nachomoa ufunguo, naingia kununua nazi.

Sasa niseme kuhusu mavazi, kwa sababu akina mama wenzangu ndilo wanaloniuliza kwanza. Mimi huvaa baibui, na nyumbani dera. Kwenye zile baiskeli kubwa nyeusi za wanaume tulizozizoea, mnyororo uko wazi na bomba limekatiza juu. Nguo lazima uifunge kiunoni. Hii ya Kijapani mnyororo umefungiwa wote ndani ya kava, na gurudumu la nyuma lina wavu wa plastiki pande zote mbili hadi nusu. Nimeendesha miezi 14 na pindo la baibui halijawahi kunaswa wala kupata grisi. Kwa mtu anayeishi kwa kushona nguo, hilo peke yake ningelilipia. Unakaa umenyooka mgongo, unatazama mbele, huinami. Mama mkwe wangu, ambaye alianza kwa kuguna, mwezi wa tatu akaniambia, "Mwanangu, kumbe ukaaji wake una stara." Tangu hapo akikosa dawa zake ndiye ananiambia, pita na baiskeli yako.

Taa ya mbele nayo niisifu. Umeme wake unatengenezwa ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele lenyewe linapozunguka, hakuna betri, hakuna kile kichupa cha dainamo kinachosugua tairi na kukutia uzito miguuni. Giza likiingia inawaka yenyewe. Ya nyuma haipo, ni kiakisi chekundu tu, na kwa barabara zetu hakitoshi. Nilifunga kitaa kidogo chekundu cha kubana kwenye keria kwa shilingi 5,000. Bila hicho usiendeshe baada ya magharibi.

Lililonitesa ni tairi. Mwezi wa saba tairi ya nyuma ilichanika pembeni. Duka nililokwenda nikasema nataka ya inchi 26, nikapewa ya inchi 26, nikalipa. Fundi wangu akahangaika nayo nusu saa, haikukaa. Akadhani ringi imepinda. Tukarudi dukani, muuzaji akashikilia kwamba 26 ni 26 na mali ikishatoka hairudi. Kumbe inchi 26 zipo za namna mbili. Za baiskeli za milimani, zenye meno makubwa, hukaa kwenye ringi ya milimita 559. Hizi za Kijapani ni 26 kwa 1 na 3/8, na ringi yake ni milimita 590. Tofauti ni sentimita 3 na kitu, tairi haiwezi kuingia hata uiombee dua. Ukweli umeandikwa ubavuni mwa tairi yenyewe kwa namba ndogo: tafuta 37-590. Nimeiandika kwa kalamu ya wino ndani ya kibandiko chini ya kiti, ili hata nikimtuma mtoto aende nayo. Ile isiyoingia nilimpa kijana mmoja wa mtaani mwenye baiskeli ya milimani. Nilikaa siku 9 bila baiskeli, nikarudi kwenye skuta, na nilijisikia vibaya kila nilipopiga stata.

Kwa bahati, valvu ya tyubu ni ileile ya kizamani yenye kimpira ndani, sawa na ya baiskeli zetu za siku zote, kwa hiyo pampu ya fundi yeyote chini ya mwembe inaingia. Pancha nimepiga mara nne, tatu kati ya hizo ni miiba.

Breki ya nyuma imefungiwa ndani ya duara la chuma, na ikizeeka inalia, kelele kali ya kukera watu wakitoka msikitini. Fundi mmoja akataka kuitia mafuta. Msikubali kamwe. Mafuta yakiingia humo breki haishiki tena, na utalijua hilo ukiwa tayari umefika njia panda. Dawa ni kuifungua, kupangusa vumbi na kuukwangua utepe kidogo kwa msasa. Breki ya mbele inabana ringi, na mvua ikinyesha inachelewa kukamata. Siku za masika napunguza mwendo mapema na kutegemea zaidi ya nyuma.

Chumvi ya bahari ni adui wa kweli huku pwani. Spoki zilianza kuota kutu mwezi wa pili tu. Kila Ijumaa asubuhi nachukua kitambaa chakavu, nakilowesha mafuta ya cherehani, napangusa spoki, nyaya za breki na tundu la kufuli. Kwa mnyororo mafuta hayo ni mepesi mno, yanaisha upesi, huko natia mazito kidogo. Kazi yote ni dakika 10.

Hesabu niliiweka kwenye daftari lilelile la vipimo vya wateja. Kwenda na kurudi kilomita 10, kupeleka nguo na sokoni kama 5 nyingine, siku 26 za kazi: kilomita 390 kwa mwezi. Skuta yangu inakwenda kilomita 40 kwa lita, kwa hiyo nilikuwa nachoma lita 10 hivi. Sasa nachoma 2, za safari ya Pongwe au mvua kubwa kweli. Lita 8 kwa bei ya karibu shilingi 3,000 ni 24,000 kila mwezi. Baiskeli na matengenezo yake yote, pamoja na ile tairi ya hasara, imenigharimu 281,000. Mwezi wa 12 ilikuwa imeshajilipa, na hapo sijahesabu oili ya skuta na plagi.

Kuna hesabu ya pili ambayo watu hawaamini nikiwaambia. Lita ya petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo tu, lakini ikiungua inatoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Uzito unaozidi unatoka hewani: kaboni ya mafuta inashikana na oksijeni tunayoivuta. Lita zangu zaidi ya 100 ambazo hazikuungua ni zaidi ya kilo 230. Mimi napima uzito kwa magunia, na kwangu hayo ni magunia mawili ya mahindi na kilo 30 juu. Najua bodaboda hawajapungua mbele ya kibanda changu na mikunjo ya kanzu bado inapata weusi. Huo wangu haumo.

Haimfai kila mtu. Msimu wa kusi, upande mmoja wa safari unapigwa upepo wa uso na gia ya 1 inageuka kuwa rafiki. Ukiwa unaishi Lushoto au penye milima ya namna ile, gia tatu na uzito wake, maana ni chuma hasa, vitakuvunja moyo. Kama shughuli zako ni Muheza kila siku, panda gari la abiria. Na kama magoti yako ni mabovu, kipandishe kiti mpaka mguu unyooke karibu wote kwenye pedeli ya chini. Wengi hukaa chini mno, wakalaumu baiskeli.

Binti yangu anaingia kidato cha kwanza Januari, shule ipo kilomita 4. Namtafutia ya inchi 24. Muuzaji ameniambia kontena lingine liko njiani, nami nimemwomba anipigie siku ya kulifungua, kabla hajashika msumeno, nije nichague zenye ufunguo.