Mawe ya Maweni kwa baraza letu: nyota tatu na nusu

Baraza la nyumba yetu hapa Mkomani, Lamu, lilikuwa limemeguka pembeni, pale pale babu alipozoea kuegemeza bakora. Fundi alitaka kuziba kwa saruji. Nikakataa. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kisha huyatoa. Ukiupaka saruji unyevu unafungiwa ndani, na mvua mbili tatu tu plasta inaanza kubanduka. Nikaagiza mawe 150 ng'ambo, Maweni, kisiwani Manda, na chokaa.

Yalichelewa siku mbili. "Maji mafu, dada, mashua itakwama," nikaambiwa kwa simu, yaani siku zile maji hayajai sana. Haya. Yalipofika gatini yakapandishwa kwa punda, na usafiri ukanila pesa kuliko mawe yenyewe.

Lakini mawe! Yamechongwa kwa mkono, pembe zimekaa vizuri. Moja lina tumbawe zima la mviringo, mistari yake imepindapinda kama njia za mchwa, na kando yake kombe dogo la baharini lililogeuka jiwe, mbavu zake zahesabika. Fundi akataka uso huo uelekee ndani, eti si laini. Nikamgeuzia mwenyewe.

Nilimpigia picha mdogo wangu, baharia. Naye akanirudishia ya kwake kutoka Bridgetown, Barbados: majengo ya bunge, yaliyokamilika 1874, nayo ya mawe ya matumbawe. Rangi ile ile, vitundu vile vile! Tuta la Rendezvous Hill kule ni mwamba wa matumbawe wa miaka kama 125,000, na miamba mingi ya pwani yetu ni ya umri huo huo, bahari ilipokuwa juu ya ilivyo sasa kwa mita kadhaa. Tofauti ni kwamba ardhi ya Barbados yenyewe imeendelea kuinuka, ndiyo maana matumbawe yao yako vilimani. Nimemwambia kombe langu ni zuri kuliko bunge lao.

Sasa lawama. Mawe 11 yalivunjikia mkononi kama mkate mkavu. Ukiagiza, ngoja bamvua, maji yanapojaa sana, uyahesabu gatini kabla punda hawajaondoka, na uligonge kila jiwe kwa mwiko: zima hulia, bovu husema puu. Mimi sikugonga. Muuzaji amenibadilishia 7, mengine anamsingizia mwenye punda.

Manne bado namdai.