Vikaratasi vya dhahabu nachukua tena, vya fedha hapana

Niliagiza pakiti mbili za vikaratasi vya kunasia kemikali, moja ya chembe nano za dhahabu, nyingine za fedha, vipande 25 kila moja. Mpaka mzigo unatoka forodhani Dar, wiki tatu zilikuwa zimekatika, na joto la Februari mnalijua.

Kwa wasiovijua: ni karatasi ya chujio iliyonyweshwa chembe za dhahabu zenye upana wa makumi machache ya nanomita. Usitegemee rangi ya pete. Ni zambarau, kama kitambaa kilichomwagikiwa juisi ya rozela. Ukikimulika kwa leza ya mashine ya Raman, ile inayotambua kemikali kwa mwanga inaoutawanya, mwanga hujikusanya kwenye vijinafasi kati ya chembe na chembe, na kemikali iliyonasa hapo hurudisha ishara kubwa mara maelfu, hata mamilioni.

Kilichonitoa hela ni kule kukunjika. Vya kioo na silikoni havipindi, inabidi uoshe nyanya kwanza ndipo udondoshe tone la yale maji. Hiki unakilowesha ethanoli, unasugua ganda, unakipenyeza hadi kwenye kikonyo ambako dawa hutuama. Nilinunua nyanya tatu, nikaziosha, mbili nikazipaka thiramu, dawa ya kuua ukungu wa mimea, mwenyewe. Hizo mbili zilitoa kilele kirefu kwenye grafu ya mashine karibu na 1380 kwa sentimita, alama ya thiramu. Ya tatu, kimya. Nilishangilia mpaka wa chumba cha pili wakaja kuuliza kuna nini.

Sasa kasoro. Kipande cha kwanza kabisa nilikipiga kwa nguvu ya leza ninayotumia kupima vidonge. Nikasikia harufu ya karatasi kuungua, kuangalia, kitobo cha kahawia. Hilo kosa langu. La kwao ni kwamba vipande havifanani: mmumunyo mmoja, vipande vitano, kilele cha kimoja kikawa karibu mara mbili ya mwenzake. Kukuambia dawa ipo au haipo, kinaweza. Ni kiasi gani, usikiulize, hata kama tangazo la muuzaji linaahidi.

Vya fedha vimeniuma zaidi, maana fedha ndiyo iliyoanzisha mambo haya: mwaka 1974, Southampton, Uingereza, mwanakemia Fleischmann na wenzake waliona ishara hii kwenye elektrodi ya fedha iliyoparuzwa uso kwa umeme. Lakini fedha na salfa ya hewani hazipatani. Pakiti ilifungwa kwa mfuko wa plastiki tu, na vipande vilifika vimeingia weusi kama bangili ya bibi iliyosahaulika kabatini. Nilijaribu sita, nikaacha.

Kile nilichokiunguza sikukitupa. Kilikuwa hakijagusa thiramu, ambayo salfa yake ingeiziba dhahabu, kwa hiyo nikakijaribu kama kichocheo: nikakitumbukiza kwenye 4-nitrofenoli, kemikali ya njano, yenye sodiamu borohaidraidi ya kuibadilisha. Bila kikaratasi, ile njano inakutazama tu. Kukiweka, dakika kumi na mbili maji hayana rangi. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu maji yalibaki na uzambarau kwa mbali: dhahabu imeanza kubanduka.

Dhahabu naipa nyota nne, fedha moja. Nimeshaagiza pakiti nyingine ya dhahabu, nikawaomba wafunge kila kipande peke yake ndani ya foili. Wamejibu kuwa hiyo ni gharama ya ziada.