Printa ya Waifai Nyumbani: Miezi Minne ya Kuambiwa "Haipo Hewani"

Karibuni tena. Leo mezani kwangu ipo hii printa ya wino ya nyumbani, zile za tatu kwa moja: inaprinti, inaskani, inatoa kopi. Nembo nimeiziba kwa karatasi, mnaiona hapo, kwa sababu nina maneno nayo na sitaki video iishie kuwa ugomvi na kampuni. Isitoshe, karibu yote nitakayosema yanazihusu printa nyingi za daraja hili, uwe na hii au na dada yake.

Nimekaa nayo miezi minne. Wiki ya kwanza ilikuwa fungate. Naprinti nikiwa kitandani, naprinti nikiwa jikoni, waya hakuna. Wiki ya pili ruta ikazimika usiku, asubuhi nataka kurasa mbili tu, kompyuta inaniambia printa haipo hewani. Naigeukia: imewaka, taa ya bluu imetulia tuli, inaniangalia. Nikaizima nikaiwasha, wapi. Nikaifuta kwenye kompyuta nikaiunganisha upya, ikakubali. Siku nane baadaye, yale yale. Sasa shika hili, maana tutalirudia: siku hiyo hiyo kompyuta ilipogoma, simu yangu iliprinti bila shida yoyote.

Tuanze na kuiunganisha na waifai. Nimejaribu njia tatu.

Ya kwanza ni programu ya kampuni kwenye simu, ambayo ndiyo karatasi ya maelekezo inakusukumia. Niliisakinisha. Ikataka barua pepe, ikataka nifungue akaunti, ikataka kujua niko wapi, halafu ikaniuliza kama ningependa wino uwe unaletwa kila mwezi. Mimi nilitaka kuprinti, sikutaka uchumba. Kwa haki yake, hilo la kujua uliko lina sababu kiasi: Android huomba ruhusa hiyo programu inapotaka kutafuta mitandao ya waifai iliyo karibu. Akaunti lakini? Hapana. Nimeifuta.

Ya pili ni kitufe cha WPS, njia ya kuunganisha kifaa na waifai bila kuandika nywila. Unabonyeza kile cha kwenye ruta, unakuja unabonyeza cha printa, na una dakika mbili vikutane. Ilinichukua chini ya dakika moja, nywila sikuandika hata herufi. Kama ruta yako ina kitufe hicho, anza hapo. Mambo mawili tu. Ukiwa umeiweka ruta kwenye ulinzi wa WPA3 peke yake, WPS haifanyi kazi. Pili, ukikuta kwenye ruta kuna WPS ya namba ya siri yenye tarakimu 8, izime. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba namba hiyo hukaguliwa nusu nusu, kwa hiyo anayebahatisha hahitaji mamilioni ya majaribio, yanamtosha kama 11,000 hivi. Kitufe kiache, namba izime.

Ya tatu ndiyo hii, kuandika nywila ya waifai kwenye printa yenyewe, ngoja nisogeze kamera. Skrini yenyewe ni ndogo kama stempu, na vitufe ni mshale wa juu, mshale wa chini na OK. Nywila yangu ina herufi 22. Ili nipate "t" ndogo napita kwanza herufi kubwa zote, tazama... nimeipita. Haina kurudi nyuma, inanizungusha tena kuanzia mwanzo. Aliyebuni hii hajawahi kuitumia, naapa. Itakubali mwishowe, ila jiandae kisaikolojia.

Kabla hujailaumu printa kwamba haioni mtandao wako, kumbuka nyingi za bei ya chini zinasikia masafa ya 2.4 GHz tu. Ile ya 5 GHz kwao haipo kabisa. Kama ruta yako ina majina mawili, chagua lile la 2.4. Na usiiweke kwenye mtandao wa wageni, kwa sababu ruta nyingi huwazuia walioko huko wasionane na vifaa vya ndani. Itaunganishwa vizuri kabisa, na hakuna atakayeiona.

Haya, sasa tuje kwenye kiini cha video hii.

Ruta ni kama karani wa nyumba ya wageni. Kila kifaa kinachoingia kinapewa chumba, yaani anwani ya IP, na kinapewa kwa muda. Siku ile ya kwanza printa yangu ilipewa chumba namba 23, kompyuta ikakiandika kwenye daftari lake. Ruta ilipozimika na kuwaka, wageni wote wakapanga mstari upya, printa ikapewa 31 na chumba 23 akaingia runinga. Kompyuta inagonga 23, runinga haijui habari za kuprinti, basi kompyuta inakutangazia kwamba printa haipo hewani. Printa ipo, imehama tu.

Na simu je? Simu haiendi kwa namba ya chumba. AirPrint ya Apple, iliyopo tangu 2010, na mfumo wa Mopria ulioanzishwa 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox, yote hutafuta printa kwa jina. Printa inajitangaza mtandaoni, "mimi fulani niko hapa", simu inasikia na kuifuata popote ilipohamia. Android kuanzia toleo la 8 inakuja na huduma hiyo ndani yake, hauhitaji hata ile programu ya akaunti. Kwa hiyo siku nyingine ukiona simu inaprinti na kompyuta imegoma, usiifungue printa wala usimpigie fundi. Tazama anwani.

Dawa yake ni kumwambia karani: chumba hiki ni cha huyu, asipewe mwingine. Twende.

Nashikilia kitufe hiki chenye alama ya "i" sekunde tatu... inatoa ukurasa wa mtandao. Huu hapa. Mstari huu ni anwani ya sasa, 192.168.1.31. Ingekuwa inaanza na 169.254, hiyo maana yake printa haikupata anwani kutoka kwa ruta, rudi ukaiunganishe upya. Na mstari huu wa chini, herufi na tarakimu 12 zilizopangwa mbili mbili, ni anwani ya MAC. Hiyo ndiyo alama ya kidole ya printa, ilizaliwa nayo.

Naingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kivinjari, natafuta sehemu ya DHCP, yaani ile ya kugawa anwani, kuna mahali pa kuhifadhi anwani. Naweka ile MAC, naipa 192.168.1.200, nahifadhi, naizima printa na kuiwasha ili ikachukue chumba chake kipya. Kuna wanaoiandika anwani kwenye printa yenyewe. Inafanya kazi, lakini ruta haijui kwamba umejichukulia chumba na inaweza kumpa mwingine hicho hicho, mkaanza kugombania mlango. Mimi naifanya kwenye ruta.

Kwenye Windows usiishie kubofya jina linalojitokeza lenyewe. Hapo mara nyingi kompyuta inatumia njia yake ya kutafuta vifaa, iitwayo WSD, na hiyo imenitesa kuliko ruta. Nenda kwenye printa na skana, ongeza kifaa, subiri mpaka itokee nafasi ya kuongeza mwenyewe, chagua kutumia anwani ya IP, andika ile 192.168.1.200. Kwenye Mac unaweza kuiacha itafute kwa jina, huwa haina neno.

Sasa naizima ruta, mnaniona, nachomoa. Na printa nachomoa. Narudisha vyote kwa pamoja. Zikiwa zinaamka, niwamalizie maoni yangu juu ya mashine yenyewe.

Maandishi yanatoka safi, picha ni za kawaida. Skana ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Usingizi wake ni mzito: ikishalala, nimeipima kwa saa ya simu, inachukua sekunde 19 tangu nibonyeze mpaka karatasi ianze kusogea. Kero yangu kubwa ni kwamba ilikuja na mtandao wake yenyewe wa Wi-Fi Direct, wa kuungana na printa moja kwa moja bila kupitia ruta, umewashwa, na ukurasa wake wa mipangilio hauna nywila yoyote. Ukiandika ile anwani ya printa kwenye kivinjari unaingia moja kwa moja. Weka nywila hapo, na kama Wi-Fi Direct huitumii, uzime.

Ningeinunua tena? Kwa anayeprinti kurasa chache kwa wiki, ndiyo. Kwa anayeprinti mara moja kwa miezi miwili, hapana, wino utakauka kwenye vichwa, na hiyo hakuna anwani itakayoisaidia. Huyo atafute ya leza.

Kitu kingine, kwa wanaofanyia kazi za ofisi nyumbani: VPN, ile njia ya siri ya kupitisha mtandao wako hadi ofisini, ikiwa imewashwa, mara nyingine kompyuta haiuoni mtandao wa ndani kabisa. Izime kwanza kabla hujaanza kuhangaika.

Taa imeacha kupepesa. Ruta imerudi, printa ya bluu. Nafungua ukurasa wowote kwenye kompyuta, sigusi kitu kingine chochote, nabonyeza chapisha.

Subirini.

Sekunde kumi... kumi na tano... Sikieni hiyo. Roli inavuta karatasi. Ndiyo hiyo inatoka, bado ina unyevu wa wino.