Kozi ya curanderismo ya Chuo Kikuu cha New Mexico: macho yanashiba, pua inabaki na njaa

Anayetaka kuijua curanderismo, tiba asili ya Wameksiko na ya watu wa asili ya Kihispania wa kusini-magharibi mwa Marekani hana mlango mpana kuliko huu. Kozi iko Coursera, jukwaa la masomo ya mtandaoni, katika sehemu nne: mimea, mwili, akili na roho, kisha tamaduni nyingine zilizoichangia tiba hiyo. Mwalimu ni Eliseo Torres, maarufu kama Cheo, na pamoja naye wamo waganga wanaoonyesha kazi yao mbele ya kamera.

Anzia sehemu ya mwili, ndiyo iliyonona. Humo utaona ventosas, yaani kuumika kwa glasi na moto. Kwa mtindo wa zamani, pamba au mshumaa mdogo husimamishwa juu ya sarafu mgongoni, huwashwa, kisha hufunikwa kwa glasi. Moto ukizimika, hewa iliyobaki inapoa, inasinyaa, na ngozi inavutwa juu. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Wanaoungua mara nyingi huungua kwa sababu mbili: pamba inayodondosha spiriti, au ukingo wa glasi uliopashwa moto badala ya hewa ya ndani. Anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu asiumikwe kabisa.

Empacho, yaani chakula “kilichokwama” tumboni, hutibiwa kwa kukanda tumbo na mgongo kwa mafuta, kisha kuvuta ngozi ya kiuno mpaka itoe mlio. Mkono haudanganyi, lakini video haikupi uzito wa mkono. Na tumbo linalouma upande wa chini kulia, pamoja na homa, halikandwi: huenda ni kidole tumbo. Hapa mwanafunzi aandike kwa wino mwekundu majina mawili, greta na azarcón. Ni unga wa njano na wa rangi ya chungwa ambao baadhi ya familia zimewapa watoto kama dawa ya empacho. Hizo si mitishamba. Ni oksaidi za risasi, madini yenye sumu, na risasi inaweza kufikia asilimia 90 ya unga huo. Vivyo hivyo caída de mollera, utosi wa mtoto kubonyea: mara nyingi ni dalili ya upungufu wa maji mwilini, na kinachohitajika haraka ni maji yenye chumvi na sukari ya kipimo pamoja na safari ya hospitali, si kusukuma kaakaa kwa kidole.

Sehemu ya mimea inapendeza, ila ifuate ukiwa na mizani mezani. Kwa tintura, yaani dawa ya mimea iliyolowekwa kwenye pombe, kipimo kinachotumika sana ni gramu 100 za majani makavu kwa mililita 500 za pombe ya asilimia 40 hivi. Loweka kwenye chupa ya kioo cheusi wiki mbili hadi nne, tikisa kila siku, chuja, bandika jina na tarehe. Majani mabichi yana maji yake, kwa hiyo yanaishusha pombe, na jani linaloelea juu ya kimiminika ndilo linaloanza kuota ukungu. Microdosis, matone mawili matatu juu ya ulimi, inafundishwa kwa imani kubwa kuliko ushahidi uliopo.

Tatizo la kujifunza mimea kwenye kioo ni majina. “Árnica” ya sokoni Meksiko mara nyingi ni Heterotheca inuloides, si Arnica montana ya Ulaya. Mzizi wa oshá, Ligusticum porteri, una harufu kali kama ya selari, na mmea wake unafanana na Conium maculatum, ambao huua. Kioo hakina harufu, na hata harufu pekee haitoshi kumwamini mchumaji. Ruda, mmea wa bustani wenye harufu kali, isinywewe na mjamzito, na utomvu wake juani hutoa malengelenge. Gobernadora, kichaka cha jangwani, imewahi kuharibu maini ya watu. Manzanilla, yaani kamomili, haina makuu, isipokuwa kwa wenye mzio wa jamii ya alizeti.

Sehemu ya akili na roho inahitaji subira. Limpia, yaani utakaso kwa kupitisha yai mwilini au kufagia kwa vichane vya ruda, romero (rosemary) na mrehani kutoka kichwani hadi miguuni, ni rahisi kuigiza na ngumu kufanya, maana nusu ya tiba ni plática, mazungumzo yanayotangulia. Anayeruka mazungumzo amebaki na yai tu. Sehemu ya tamaduni nyingine inaweza kusubiri.

Cheti hakimpi mtu ruhusa ya kutibu. Anayetaka kugusa na kunusa aangalie kozi ya kiangazi ya chuo hichohicho, wiki mbili za Julai mjini Albuquerque, na aende akiwa ameshazitazama sehemu za mwili na mimea.