Antena za setilaiti za kutengeneza mwenyewe: ipi inafaa ukikaa ghorofani?

Karibuni tena wadau, leo tunachambua antena za kupokea setilaiti, zile za kutengeneza mwenyewe, tena za ndani ya nyumba, maana wengi wetu huku Dar tumepanga na mwenye nyumba akikuona tu juu ya paa na bomba la PVC unaanza kujieleza. Mezani hapa nina kiantena cha sumaku kinachokuja kwenye boksi na vile viSDR (vijiredio vya kompyuta) vya bei rahisi vya kuchomeka kwenye USB, nina V-dipole ya waya, yaani antena ya waya mbili zenye umbo la V, nina Yagi (ile ya mikono mingi, ya kuelekeza upande mmoja) niliyotengeneza kwa tepu ya chuma ya fundi, na nina busta, yaani kikuza mawimbi. Tuone hela iende wapi.

Hiki cha sumaku nikimalize haraka. Ni kifupi mno kwa masafa ya 137 na 145 (zote nitakazotaja ni megahezi), waya wake mwembamba unakula sehemu ya mawimbi njiani, kitumie kusikiliza stesheni za FM uhakikishe kidude chako kinafanya kazi, basi, weka pembeni.

Sasa hii V ndio mwenyewe. Waya mgumu wa alumini vipande viwili, kila kimoja sentimita 53, unavifunga kwenye konekta ya plastiki ya mafundi umeme ile yenye skrubu, kipande kimoja kinaenda kwenye waya wa kati wa kebo na kingine kwenye nyavu yake ya nje, halafu unavitanua mpaka pembe ya nyuzi 120. Imeisha hiyo. Huchomelei chochote, na afadhali, kwa sababu nyavu ya kebo ya king'amuzi, hii RG-6, ni alumini na risasi haishiki pale. Sentimita 53 ni kwa Meteor za Warusi zinazotuma picha za mawingu kwenye 137.9. Ukitaka kituo cha anga cha kimataifa, ISS, kwenye 145.800, kata mpaka 49, na uzuri wa hiyo 49 ni kwamba inashika na 436 humo humo bila kuongeza kitu, maana kule juu inakuwa robo tatu za wimbi.

Kuhusu kebo, kuna mtu atakuja kwenye komenti aseme RG-6 ni ohm 75 na redio inataka 50. Ni kweli kaka, lakini hasara ya hapo ni ndogo huwezi kuiona, wakati RG-58, ile kebo ya ohm 50, mita 10 kwenye 436 inakula desibeli zaidi ya 3, yaani nusu ya mawimbi yako yamekufa kabla hayajafika kwenye kompyuta. RG-6 kwa urefu huo inakula moja na nusu hivi. Ya king'amuzi inashinda, na fundi wa dish anayo kwenye begi.

Haya, sasa nije kwenye kitu kinachowaliza watu. Unaweza kuwa na antena nzuri kuliko zote halafu umeiweka chini ya bati. Mabati yakishakufunika juu huna setilaiti, usibishane nayo, na slabu yenye nondo nayo ni hivyo hivyo. Kwako anga ni dirisha, kwa hiyo mambo yote yaanze na dirisha. Angalieni hili la kwangu, nondo zake zimesimama wima, si ndio, mawimbi yaliyosimama wima yanagonga hapa yanarudi kwa sababu nafasi kati ya nondo na nondo ni ndogo sana ukilinganisha na wimbi la mita 2, lakini yaliyolala yanapenya. Naisimamisha antena... mnaona mstari kwenye SDR++, programu ya kuonyesha mawimbi, unavyofifia? Nailaza... huo hapo umerudi. Hakuna nilichonunua, nimegeuza mkono tu. Kama grili yako ina maua na misalaba hii haitakusaidia, itoe antena nje ya grili hata kwa kijiti cha ufagio. Halafu wavu wa mbu, wengi hawaufikirii kabisa: kata kauzi kamoja pembeni, kakiwa kanang'aa ni alumini, fungua dirisha unapopokea. Ukiwa wa plastiki uache.

Kingine, chagua setilaiti inayopita upande wa dirisha lako. Look4Sat ya kwenye simu ni ya bure, inakuchorea njia yote kama rada. Dirisha langu linatazama magharibi, basi zile zinazopita mashariki siamki hata kitandani.

Kelele sasa. Laptopu ichomoe chaji, itumie betri. Subirini nizime hii taa ya LED ya jikoni, angalieni sakafu ya grafu, ule usawa wa kelele... imeshuka hiyo! Taa moja tu! Na bado chaja za simu, king'amuzi, inverta ya sola, chomoa moja moja huku unaangalia skrini, utamjua mchawi wako. Ukimaliza hapo chukua lile donge jeusi lililopo kwenye kebo za monita za zamani, ni feraiti hiyo, pasua plastiki ulitoe, pitisha kebo ya antena ndani yake karibu kabisa na konekta, kama inaingia zungusha mara mbili tatu. Kebo inaacha kujifanya antena na kukuletea uchafu wa ndani.

Yagi ya tepu naipenda kweli, lakini sio ya ndani. Mikono yake ina karibu mita moja, inataka uielekeze setilaiti inavyotembea, sasa chumbani utaigeuzia wapi na kuna friji na kabati la chuma? Ukiwa na balkoni ya kusimama, hiyo itengeneze, utaisikia ISS vizuri kwenye 145.800 ikiwa inatuma. Huna balkoni, achana nayo.

Busta? Mimi nasema hapana, angalau kwa kuanzia. Kebo yako ni mita 3, busta itakuza nini? Inakuza na kelele, na hapa mjini minara ya FM inaizidi nguvu mpaka uone stesheni za muziki zimejitokeza kwenye 137. Ukija kuinunua, inunue na filta ya FM, na ikae kwenye antena, sio kwenye kompyuta.

Za kujaribia: NOAA 15, 18 na 19, zile za hali ya hewa za Wamarekani, zote zilizimwa 2025, kwa hiyo video za zamani zinazowaambia mzitafute zipuuzeni. Pima na Meteor-M N2-3 au N2-4 kwa SatDump, programu ya kugeuza mawimbi kuwa picha, picha yenyewe itakuonyesha antena inakatikia wapi. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati moja, kuna setilaiti ya Indonesia, IO-86, ilirushwa kutoka India Septemba 2015, inazunguka karibu na ikweta kabisa, mwinamo wake nyuzi 6 tu, kwa hiyo iwe Dar, Mombasa au Nairobi inakupitia kila baada ya saa moja na dakika 45 hivi. Sauti inaituma chini kwenye 435.880. Redio yake ya kupokezana mazungumzo ya wapenda redio huwashwa kwa ratiba, na hata ikiwa imewashwa huku kwetu mara nyingi ni kimya kwa sababu waongeaji wapo kule kwao, kwa hiyo usibomoe antena yako ukidhani mbovu, subiri Meteor uhakikishe.

Haya yote ni ya kusikiliza tu jamani. Kurusha mawimbi ni leseni, huku ni ya mamlaka ya mawasiliano TCRA, Kenya ni CA. Walio na leseni mnaokaa ghorofani niandikieni chini mnatumia nini kurushia, nataka niijaribu hapa hapa dirishani.