Duka la gemu za zamani, ila majina jamani

Nimeingia kaduka fulani karibu na Marikiti natafuta Famicom, yaani ile mashine ya gemu Family Computer ya Nintendo iliyotoka Japani 1983 na Wamarekani wakaja kuiita NES, jamaa kanitolea boksi la kijivu limeandikwa "PS1" kumbe inaingia kaseti, kaseti! PS1, yaani PlayStation ya kwanza ya Sony, ni ya sidii yakhe. Nikamwonyesha lile tundu akacheka, ati wateja wote huita hivyo. Haya. Kuchomeka kwenye TV ikawaka, ila pedi moja kitufe cha A kinanata, akanipunguzia mia mbili. Mega Drive, mashine ya gemu ya kampuni ya Sega, pia anayo, kule Marekani ni Genesis, yeye kaiandika "Sega" basi. Bei si mbaya ila risiti hana, Jumamosi narudi kuiangalia hiyo Sega.